Bafu la Mia Tano, Ngamiani

Choo mia tatu, bafu mia tano, kuwekewa mzigo kutwa nzima mia tano. Bei zimeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa bati, na kwa muda wote ninaopita pale sijaona mtu akitozwa zaidi kwa kuwa kavaa vizuri, wala akifukuzwa kwa kuwa kavaa matambara. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonisukuma kuandika.

Mahali penyewe ni Ngamiani, hapa Tanga mjini, uchochoroni nyuma ya maduka ya jumla. Jina la mwenye mali silitaji. Yanayomhusu nimeshamwambia mwenyewe tukiwa tumekaa, na alinisikiliza. Ukifika maeneo hayo ulizia bafu la mia tano, wabeba mizigo watakuonyesha.

Nilikuwa bibi afya mpaka nilipostaafu. Nilianza kazi Muheza, nikapelekwa Kasulu kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikamalizia hapa mjini. Kazi yangu ilikuwa kuchungulia pale ambapo wengine wanapita wameziba pua: mashimo ya vyoo, makaro, mapipa ya taka, mabafu ya shule za bweni. Lakini elimu ya kwanza ya mambo haya niliipata nyumbani. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, baba yangu alikuwa kiongozi wa kikundi cha kusikiliza redio kijijini kwetu. Watu wazima walikusanyika chini ya mwembe, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakashika majembe kwenda kuwachimbia choo wazee wasiokuwa na nguvu. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni mbili. Mimi nilikuwa mtoto, kazi yangu kuwapelekea wachimbaji maji ya kunywa. Tangu siku zile sijaweza kuamini kwamba choo cha mtu mwingine hakinihusu.

Msafiri anayetafuta pa kujisaidia hatapata shida hapa. Atalipa, ataingia, atatoka, atasahau. Yeye simwandikii. Nawaandikia wanaotaka kujua bafu hili linawafaa vipi wale wasiokuwa na jingine: wanaolala kwenye baraza za maduka, chini ya meza za soko, juu ya mikokoteni yao wenyewe, na wale waliopanga chumba kimoja watu saba katika nyumba ambayo choo chake kimejaa na mwenye nyumba hashughuliki. Mabasi ya mikoani yalipohamia Kange, abiria walihama nayo. Watu waliokuwa wakilala stendi ya zamani wengi walibaki huku huku mjini, kwa sababu huku ndiko kwenye mizigo ya kubeba na mabaki ya chakula jioni.

Mlango hufunguliwa mara tu baada ya adhana ya alfajiri. Ukitaka kulijua bafu, nenda saa kumi na moja. Saa nne asubuhi utakuta wafanyakazi wa madukani na wauza mitumba, na utatoka ukisema ni choo cha kawaida. Saa kumi na moja foleni inafika kona. Kuna vijana wa kubeba magunia, waosha magari, mama mwenye beseni la ndizi ambaye ameshuka usiku kutoka milimani na hana ndugu mjini, wazee wawili watatu wenye fimbo. Hawazungumzi sana. Kila mmoja ameshika sarafu zake mkononi, kwa sababu dada wa getini hana chenji saa hizo.

Pembeni ya mlango hukaa mama muuza uji wa pilipili manga. Aliniambia jambo ambalo katika miaka yangu yote ya ukaguzi sikuwahi kulisikia likisemwa waziwazi namna ile. Nilimuuliza kwa nini amekaa karibu na choo, harufu haimfukuzii wateja?

"Bibi Afya, mtu akishaoga anakaa kwenye benchi langu, anakunywa kikombe cha kwanza, anaongeza cha pili, anaongea na mwenzake. Yule yule siku ambayo hana mia tano, ananunua kikombe akiwa amesimama mbali, anakwenda kunywea kule ukutani. Simfukuzi mimi. Anajifukuza mwenyewe."

Nimesoma taarifa nyingi kuhusu maji na magonjwa, na nimeandika zangu. Zote zilihesabu kuhara, minyoo, vikope. Hakuna iliyokuwa na safu ya kuhesabu watu wanaokunywa uji wamesimama ukutani. Na huyo wa ukutani ndiye ambaye baadaye hatakwenda kuulizia kibarua, kwa sababu msimamizi anachagua watu kwa macho, na mtu anayejua ananuka hasogei mbele. Hatakwenda zahanati, kwa sababu kwenye benchi la kusubiri watu watamsogea pembeni. Hatakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba barua ya utambulisho, na bila barua hiyo kitambulisho cha taifa kinakuwa safari ndefu, na bila kitambulisho hawezi kusajili hata laini ya simu kwa jina lake. Ukimwona ameketi tu barazani saa tano mchana utasema ni mvivu. Mimi nasema rudi nyuma uone kama asubuhi alioga.

Sasa huduma yenyewe. Maji yapo. Ni maji ya bomba, yale yale ya Mto Zigi tunayokunywa mji mzima kutoka bwawa la Mabayani, na kuna tanki kubwa la plastiki juu ya dari kwa siku za mgao. Kwa mia tano unapewa ndoo ya lita kumi na kopo. Ndoo husuguliwa, nimeziangalia kwa ndani, hazina utelezi. Sabuni hupewi, ila dada anauza vipande vya mche kwa mia mbili. Sakafu ya mabafu ya wanaume ni ya saruji iliyochakaa na mtaro wake unachelewa kupitisha maji, kwa hiyo wa tano anaoga amesimama kwenye maji ya wanne waliomtangulia. Upande wa wanawake mtaro ni mzuri. Vyoo ni vya kuchuchumaa, vya kumwagia maji kwa kopo, vinafagiliwa na kumwagiwa dawa mara kwa mara. Funza na nzi sikuona. Karo hunyonywa kabla halijafurika. Haya si mambo madogo. Nimeingia vyoo vya kulipia mijini ambavyo ningevifunga siku hiyo hiyo.

Lita kumi zinatosha kuoga ukiwa mwangalifu. Nyarugusu tulifanya kazi kwa viwango vya Sphere, vinavyotumika kwenye kambi na maafa duniani: angalau lita 15 kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na kujisafisha, na choo kimoja kwa watu 20. Inauma kusema kwamba mtu anayelala baraza ya duka la Ngamiani hafikii kiwango kilichowekwa kwa ajili ya mtu aliyekimbia vita, lakini ndivyo ilivyo, kwa sababu lita zake zote anazinunua.

Hebu tupige hesabu yake. Choo mara tatu kwa siku, mia tisa. Bafu mara moja, mia tano. Mzigo, mia tano. Kipande cha sabuni, mia mbili. Jumla 2,100. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 63,000, na hajatia kitu mdomoni. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, chakula kikiwa ndani yake, na ukakuta asilimia 26.4 ya watu wako chini ya mstari huo. Bei zimepanda tangu hapo, lakini ona bado: kukaa safi peke yake, kwa mtu asiye na nyumba, kunazidi fedha ambazo zilihesabiwa kumtosha mwezi mzima kwa kila kitu cha lazima. Na ukitazama maji tu, ndoo ya lita kumi kwa mia tano ina maana uniti moja, lita 1,000, inamfikia kwa shilingi 50,000. Mimi mwenye bomba uani silipi hata karibu na hapo.

Simlaumu mwenye bafu kwa hilo. Katika mia tano yake mna ankara ya maji, umeme, mfagiaji, dada wa getini, dawa, gari la kunyonya karo na ushuru. Nimeona daftari lake. Hatajiriki. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu anayeweza kulipa 2,100 kila siku kwa kubeba magunia na bado akala, kwa hiyo watu wanachagua. Wengi huoga mara mbili tatu kwa wiki. Haja ndogo huenda kwenye mtaro wa barabara, na haja kubwa wanaibana mpaka waingie msikitini kwa kisingizio cha udhu. Misikiti ya Ngamiani imebeba mzigo huo kimyakimya kwa miaka mingi, Mwenyezi Mungu awalipe wanaoisafisha.

Kitu bora kuliko vyote hapa, bora kuliko hata maji, ni chumba cha mizigo. Ni chumba kidogo chenye rafu za mbao na wavu wa chuma dirishani. Unaacha mfuko wako, unapewa kipande cha bati chenye namba kilichofungwa uzi, unakivaa shingoni. Jioni unarudisha bati, unachukua mfuko. Ndiyo hiyo tu. Lakini fikiria mtu asiye na mlango wa kufunga. Kila alicho nacho kiko ndani ya mfuko mmoja wa nailoni: shati la pili, kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilicholowana na kukauka, picha ya mama yake. Akienda kubeba gunia anauacha wapi? Akilala anaulalia, na hata hivyo analala nusu jicho. Wapo wanaotumia dawa za kifua kikuu, miezi sita bila kukatisha, na wapo wa CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wanaomeza kila siku bila kuruka. Nilipokuwa kazini tulikuwa tukiandika kwenye majalada "mgonjwa ametoroka matibabu". Wengine walikuwa wameibiwa mfuko usiku, na dawa zikaenda na mfuko. Walipoulizwa zahanati walinyamaza kwa aibu. Ningekuwa na uwezo ningeziandika rafu zile za mbao katika orodha ya huduma za afya za jiji hili.

Pale mizigoni ndipo nilipojuana na mzee mmoja ambaye nitamwita Mzee wa Katani. Kazaliwa shambani upande wa Korogwe, baba yake akiwa manamba, kibarua wa mkataba aliyeletwa kutoka Kigoma. Wasomaji vijana pengine hawajui kwamba nchi hii iliwahi kuongoza dunia kwa katani. Mwaka 1964 zilivunwa tani zaidi ya 200,000, na sehemu kubwa ilitoka mkoa wetu. Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba yaliyotaifishwa baada ya 1967 yakaota magugu, mengine yakafungwa. Mzee alikuwa mkataji mkonge kama baba yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Umekuja kukagua tena?"

Nikamuuliza nyumba yake ilikuwa wapi. Akasema, "Nyumba ilikuwa ya shamba. Kazi ilipokwisha na nyumba ikaisha. Kigoma kwetu sikujui, nilisimuliwa tu."

Kila siku analipa mia tano kuhifadhi mfuko ambao ndani yake, kwa alivyonionyesha, mna blanketi, kadi ya hospitali na kanzu moja nyeupe iliyokunjwa ndani ya gazeti. Ijumaa anaoga, anavaa kanzu, anakwenda kuswali safu ya mbele. Kijana mmoja foleni alimwambia anapoteza fedha, kwa mia tano hizo angekula chapati mbili na chai. Mzee hakumjibu. Nami nilikuwa pale na sikuona haja ya kumjibia.

Sasa yanayonikera, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza, wanawake. Matundu ya vyoo ni manne: mawili ya wanaume, mawili ya wanawake. Aliyejenga alidhani ametenda haki. Mwanamke anatumia muda mrefu zaidi, anavua zaidi, mara nyingi ana mtoto mgongoni, na siku zake za mwezi zinamrudisha chooni mara nyingi kuliko kawaida. Viwango vile vile vya Sphere vinashauri vyoo vya wanawake viwe mara tatu ya vya wanaume panapotumiwa na umma. Foleni ya wanaume inakwisha saa kumi na mbili, ya wanawake inafika saa moja na nusu, na kibarua hakisubiri. Bafu moja la wanawake komeo lake limekatika. Wanafunga mlango kwa upande wa khanga na kuombana mmoja asimame nje. Hakuna pipa lenye mfuniko la kutupia pedi. Wanazifunga kwenye nailoni na kutoka nazo mkononi, mbele ya foleni ya wanaume. Pipa lenye mfuniko na komeo si mradi wa wafadhili. Ni safari moja ya duka la vifaa.

Pili, saa. Mlango hufungwa saa mbili usiku. Kuanzia hapo mpaka alfajiri, muda wa saa tisa nzima, hakuna choo. Wanaume wanajua pa kwenda. Wanawake wanaolala nje waliniambia wanachofanya: wanaacha kunywa maji tangu saa kumi alasiri. Katika joto la Tanga, wakati wa kaskazi, mwanamke aliyebeba ndizi kutwa anakataa kikombe cha maji ili usiku asilazimike kwenda gizani peke yake. Ndiyo maana U.T.I., maambukizi ya njia ya mkojo, haziwatoki. Wanameza vidonge vya duka la dawa, nusu dozi, zinatulia, zinarudi. Mmoja wao, binti mwenye mtoto wa kama mwaka mmoja, alisema, "Mama, mimi kiu naiweza. Giza siliwezi." Nilimpelekea mwenye bafu maneno hayo kama yalivyo. Akasema mlinzi wa usiku anadai mshahara ambao choo hakiwezi kuuzalisha usiku. Namwelewa. Lakini choo cha usiku hakiwezi kuachwa kitegemee biashara, kama taa za barabarani zisivyotegemea senti za wapita njia. Halmashauri inakusanya ushuru wa soko kila siku kwa watu hawa hawa wanaobeba na kuuza. Mshahara wa mlinzi mmoja wa usiku utoke humo.

Tatu, limeandikwa bango kubwa ukutani: HAKUNA KUFUA. Nimeelewa sababu, maji yangekwisha na foleni isingesogea. Ila nataka mwenye bafu na wote wanaotoa misaada waelewe ugonjwa wa upele unavyofanya kazi. Upele unaletwa na kidudu kidogo kisichoonekana kwa macho kinachochimba ndani ya ngozi, na muwasho wake huzidi usiku. Mtu halali. Asubuhi anasinzia kazini, anafukuzwa. Anajikuna mpaka vidonda, vidonda vinaingia bakteria, na kwa watoto bakteria hao wanaweza kuharibu figo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele mwaka 2017 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na kwa kweli umesahaulika. Dawa ipo, ya kupaka, na bei yake inawezekana. Maelekezo yake ndiyo yasiyowezekana kwa mtu wa barazani: oga, jikaushe, jipake mwili mzima kuanzia shingoni kushuka, wote mnaolala pamoja mjipake siku hiyo hiyo, fueni nguo na mashuka kwa maji moto, yaanikeni juani. Ajipakie wapi mwili mzima? Mashuka yapi? Akifua nguo aliyovaa akae na nini? Nimewahi kumpa mtu chupa ya dawa na kumwona baada ya wiki akiwa nayo imejaa mfukoni. Hakuwa mkaidi. Hakuwa na chumba cha kuvulia nguo.

Ndiyo maana namsihi mwenye bafu atenge siku moja kwa juma, mchana pasipo na watu wengi, kwa ajili ya kufua na kujipaka dawa. Uani kwake kuna nafasi ya masinki mawili na kamba ya kuanikia, nimepima kwa hatua. Zahanati ilete dawa na mhudumu. Nguo za kubadilisha wakati zako zinakauka zinapatikana, mji huu una mitumba ya kutosha.

Kuhusu dada wa getini, nampa alama zote. Ni binti mdogo, lakini ulimi wake una adabu. Kila anayeingia ni kaka, mama, mjomba, babu. Nilimsikia akimwambia mlevi mmoja aliyekuwa akinuka vibaya, "Mjomba, maji yako haya, leo nimekuongezea kopo mbili." Yule bwana aliingia bila ubishi. Wengine wangempigia kelele mbele za watu na angeondoka, na ule uchafu ungekaa naye wiki nyingine.

Dada ana pia daftari la sadaka. Alilianzisha mwenye duka mmoja wa jirani: Ijumaa badala ya kugawa sarafu kwa waombaji wanaopita mlangoni, analipia mabafu, na dada anaandika idadi. Mtu asiye na fedha akija anaoga, dada anakata mstari. Wafanyabiashara wengine wameiga. Napenda jambo hili kwa sababu mtu hapangwi mstari apigwe picha akipokea ndoo. Anaoga kama wengine, na nyuma yake kwenye foleni hakuna anayejua nani kamlipia. Lipo tatizo hata hivyo. Uamuzi wa nani aoge bure uko kwa dada peke yake, na ameanza kuona kwamba wanaume wanaomba kwa sauti kubwa na daftari linaishia kwao, wakati wanawake wanaona haya kuomba. Tulikubaliana agawe kurasa mbili, upande wa wanaume na upande wa wanawake, usioingiliana.

Niliposema nataka kuandika haya, mtu ninayemheshimu, mstaafu mwenzangu, aliniambia ninapoteza muda. "Watu hawa ukiwapa elfu mbili leo, kesho hawana. Hawapangi." Nilimsimulia utafiti wa Anandi Mani na wenzake uliotoka mwaka 2013. Waliwapima wakulima 464 wa miwa Tamil Nadu, India, mtu yule yule mara mbili: kabla ya mavuno akiwa hana kitu, na baada ya kuvuna akiwa na fedha. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Akili ni ile ile, mtu ni yule yule. Ukata ndio uliokuwa umekalia nafasi ya mawazo. Mtu anayewaza tangu alfajiri atajisaidia wapi, mfuko auache wapi, usiku alale upande gani wa baraza ili asipigwe teke, amebakiwa na nafasi gani ya kupanga mwezi ujao? Mwenzangu alisema atafikiri. Juma lililofuata nilimkuta getini analipia mabafu kumi.

Kuna la polisi na walinzi pia, nalipitia haraka. Sheria za uzururaji tulizorithi Afrika kutoka kwa wakoloni zinamfanya mtu asiye na makazi wala kazi ya kuonyesha kuwa mkosaji kwa hali yake tu. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa nchini, Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za aina hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika. Vijana wa foleni hawajasikia habari za mahakama hiyo. Wanachojua ni kwamba siku uliyooga, walinzi wa maduka hawakusimamishi kukuuliza unakwenda wapi.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano inasubiri komeo, pipa la pedi na taa ya usiku upande wa wanawake. Ukienda kuoga, chukua kandambili, sakafu ya wanaume ni mbaya kwa vidole. Chukua sarafu kamili. Usiende saa kumi na moja kama unaweza kwenda saa tatu, waachie nafasi wanaowahi kibarua. Na ukitaka kulipia wengine mwambie dada aandike ukurasa wa wanawake. Nilipopita mara ya mwisho ulikuwa umebaki mabafu matatu tu.